Padre Gregor Mendel: Mtawa wa Njegere na Fumbo la Urithi



Wapendwa wasomaji, katika makala hii tunawaletea maisha ya Padre Gregor Johann Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino aliyefariki mwaka 1884, ambaye wanasayansi wa dunia nzima humwita baba wa elimu ya urithi. Wengi wetu tulikutana naye katika somo la biolojia sekondari. Tulikariri hesabu yake ya tatu kwa moja, tukafanya mtihani, tukamsahau. Si wote tulioambiwa kwamba mtu yule alikuwa padre. Na ni wachache walioelezwa kwamba hesabu ileile ya njegere ndiyo inayomsaidia daktari wa leo kueleza kwa nini mtoto wa miaka minane, mwembamba, anayecheza mpira kila jioni na asiyekula vyakula vya mafuta, anaweza kukutwa na kolesteroli nyingi kuliko babu yake.

Tunapenda kumtazama Mendel kwa pande zote mbili: kwanza maisha yake, kisha kile ambacho kazi yake inatufundisha juu ya watoto wanaorithi mafuta mengi katika damu. Jambo hili linatuhusu sisi tulio seminarini, kwa sababu siku moja tutaitwa katika nyumba ambamo ugonjwa unapita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na watu watatuuliza sababu yake ni nini.

Mtoto wa mkulima

Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, eneo la Silesia, ndani ya Dola ya Austria. Leo kijiji hicho kinaitwa Hynčice na kiko katika Jamhuri ya Cheki. Alibatizwa kwa jina la Johann. Wazazi wake, Anton na Rosine, walikuwa wakulima wadogo waliozungumza Kijerumani. Walikuwa pia na mabinti wawili: Veronika, aliyemtangulia Johann, na Theresia, aliyemfuata.

Kwa sheria za wakati ule mkulima hakuwa huru kabisa. Anton alikuwa na shamba lake, lakini alilazimika pia kumfanyia kazi mwenye ardhi bila malipo. Muda uliobaki aliutumia kutunza miti ya matunda. Paroko wao, Padre Johann Schreiber, alikuwa fundi wa kilimo hicho. Aliwafundisha waamini kuchagua miche bora na kuunga tawi la mti mmoja juu ya shina la mwingine. Kwa hiyo Johann alijifunza tangu utotoni kuuangalia mti na kujiuliza umepata wapi sifa zake.

Mwalimu wa kijiji aliona kipaji cha kijana huyu akawashauri wazazi wampeleke mbele zaidi. Akiwa na umri wa miaka 11 alipelekwa shule ya Leipnik, na mwaka uliofuata akaenda sekondari ya Troppau. Wazazi hawakuwa na uwezo wa kulipia chakula chote cha shuleni, hivyo alikuwa akipewa nusu ya mgao. Mwaka 1838 gogo lilimwangukia Anton akiwa katika ile kazi ya lazima, akaumia vibaya kifuani wala hakurudia afya yake. Tangu hapo Johann alijilipia mwenyewe kwa kuwafundisha wanafunzi wengine baada ya masomo. Njaa, kazi na wasiwasi vilimwangusha kitandani zaidi ya mara moja, akarudi nyumbani na kukaa miezi mingi akiugua.

Mwaka 1840 alijiunga na chuo cha falsafa cha Olomouc, na hapo karibu aache masomo kabisa. Aliyemwokoa ni mdogo wake, Theresia. Kwao, tofauti na desturi nyingi za kwetu, bibi harusi ndiye aliyekwenda na mali kwa mume. Theresia alichukua sehemu ya mali hiyo aliyowekewa akampa kaka yake asome. Mendel hakusahau. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto wa kiume wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mtawa aliyeshindwa kukaa na wagonjwa

Profesa wake wa fizikia huko Olomouc alimpendekeza kwa Abate Cyrill Napp wa Abasia ya Mtakatifu Thomas mjini Brno. Mendel alipokelewa Oktoba 1843, akapewa jina la kitawa Gregor. Yeye mwenyewe alieleza baadaye bila kuficha kwamba hali ya maisha ndiyo iliyompeleka huko: alihitaji mahali ambapo hatahangaikia chakula cha kesho ili aweze kusoma. Tusimhukumu kwa hilo. Mungu amewaita wengi kwa njia ya uhitaji, na Mendel aliishi nadhiri zake kwa uaminifu hadi kufa.

Abasia ile ilikuwa pia nyumba ya elimu. Watawa wake walifundisha falsafa, hisabati na muziki katika shule za mji, na maktaba yao ilikuwa kubwa. Abate Napp alijishughulisha sana na kilimo na ufugaji wa kondoo wa sufi, shughuli iliyokuwa chanzo kikubwa cha utajiri wa Moravia. Wafugaji wa huko walikuwa wakijadili kwa nini kondoo dume bora huzaa wana bora safari hii na wana dhaifu safari nyingine. Swali la urithi lilikuwapo hewani kabla Mendel hajashika njegere.

Alipewa daraja takatifu ya upadre Agosti 1847, akapangiwa kazi ya kichungaji iliyokuwa pamoja na kuwatembelea wagonjwa hospitalini. Hapo alishindwa. Kuona mateso ya wagonjwa kulimwumiza kiasi kwamba yeye mwenyewe aliugua. Abate angeweza kumlazimisha avumilie. Badala yake alitambua kwamba kijana huyu ana karama nyingine, na mwaka 1849 akamtuma kufundisha katika shule ya mji wa Znojmo. Walezi wa miito watapata jambo la kutafakari hapo.

Wanafunzi walimpenda, lakini mwaka 1850 alipokwenda kufanya mtihani wa kupata cheti cha ualimu alifeli. Abate akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia 1851 hadi 1853. Huko alifundishwa fizikia na Christian Doppler na elimu ya mimea na Franz Unger, akajifunza pia hisabati ya kupanga na kuhesabu uwezekano wa mambo. Mwaka 1856 alirudi kwenye mtihani wa ualimu, na safari hii pia hakufaulu. Hakuwahi kupata cheti hicho. Alifundisha shule ya sekondari ya Brno kwa miaka 14, kuanzia 1854 hadi 1868, akiwa mwalimu wa muda tu.

Bustani ya njegere

Katika miaka hiyohiyo alikuwa na kipande cha bustani nyuma ya abasia, chenye urefu wa takribani mita 35 na upana wa mita 7. Alianza na aina 34 za njegere, akazipanda kwa miaka miwili ili kuhakikisha kwamba kila aina inazaa ya kwake bila kubadilika. Kisha akachagua zilizomfaa, akaanza majaribio yaliyoendelea kutoka 1856 hadi 1863.

Alichagua njegere kwa sababu ua lake limejifunga, na kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Anayetaka kuunganisha mimea miwili hufungua ua changa, huondoa stameni zake, hupaka chavua ya mmea mwingine kwa brashi, kisha hulifunika kwa kifuko ili wadudu wasiingie. Ni kazi ya mikono na ya subira. Mendel aliifanya kwa maua mengi, akichunguza sifa saba tu, kama vile umbo la punje, rangi ya punje na urefu wa shina. Kwa jumla alipitia mimea ipatayo 28,000.

Wakati ule watu wengi waliamini kwamba sifa za wazazi huchanganyika kwa mtoto kama chai na maziwa. Ukishachanganya, huwezi tena kuvitenganisha. Mendel alichukua njegere za punje laini za mviringo akaziunganisha na zile za punje zilizokunjamana. Watoto wote walitoka wa mviringo. Mikunjo ilionekana kama imepotea kabisa. Mwaka uliofuata aliwaacha watoto hao wajichavushe wenyewe, akahesabu wajukuu mmoja mmoja: punje 7,324. Kati ya hizo 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zilikuwa zimekunjamana. Mikunjo ilikuwa imerudi, nayo ilikuwa kamili kama ya bibi yake. Katika rangi ya punje alipata 6,022 za manjano na 2,001 za kijani. Kila alipojaribu, jibu lilikaribia tatu kwa moja.

Maelezo yake yalikuwa rahisi. Kila mmea una vitu viwili vinavyoamua kila sifa, kimoja kutoka kwa kila mzazi. Leo tunaviita jeni. Mzazi humpa mtoto kimoja tu kati ya viwili alivyo navyo, na kipi kitoke ni suala la bahati, kama kurusha sarafu. Kimoja kinaweza kukifunika kingine, lakini hakikiharibu. Kilichofunikwa hubaki kizima, husafiri kimya kutoka kizazi hadi kizazi, na huonekana tena siku kinapokutana na mwenzake.

Ukimya wa miaka mingi

Mendel alisoma matokeo yake mbele ya Chama cha Sayansi Asilia cha Brno tarehe 8 Februari na 8 Machi 1865. Mwaka 1866 yalichapishwa katika jarida la chama hicho. Aliagiza nakala 40 za ziada, akazituma kwa wataalamu mbalimbali. Mmoja wao, Profesa Karl Nägeli wa Munich, alijibu lakini hakuelewa uzito wa kazi ile. Wakaandikiana kwa miaka kadhaa juu ya ua moja la porini la jamii ya alizeti, ambalo Nägeli alikuwa akilichunguza. Mendel alilifanyia kazi hadi macho yakamwuma, lakini hesabu zake hazikutokea. Baada ya kifo chake ndipo ilipogunduliwa kwamba ua hilo mara nyingi hutoa mbegu bila kuchavushwa.

Mwaka 1868 ndugu zake watawa walimchagua kuwa Abate. Bustani ikabaki nyuma ya majukumu. Aliendelea kufuga nyuki na kupima hali ya hewa kila siku, lakini miaka yake ya mwisho iliingia katika mgogoro mrefu na serikali, iliyotoza nyumba za kitawa kodi mpya. Mendel aliiona kodi hiyo kuwa si ya haki, akakataa kuilipa, na akabaki karibu peke yake katika msimamo huo. Alifariki tarehe 6 Januari 1884, sherehe ya Epifania, kwa ugonjwa wa figo na moyo. Mtunzi wa muziki Leoš Janáček aliongoza muziki katika mazishi yake. Waliomlilia walimlilia abate mwema na rafiki wa maskini. Karibu hakuna aliyejua kwamba wanamzika mwanasayansi mkubwa. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto.

Mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake, wataalamu watatu wa mimea, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria, walitangaza matokeo yanayofanana na yake, na jina lake likafufuka.

Kutoka punje hadi damu ya mtoto

Haikuchukua muda kabla sheria za Mendel hazijaingia hospitalini. Mwaka 1902 daktari Mwingereza Archibald Garrod alionyesha kwamba ugonjwa mmoja adimu, unaofanya mkojo wa mtoto kuwa mweusi, unafuata njia ileile ya njegere. Na mwaka 1990 watafiti wa Uingereza waligundua sababu ya mikunjo ya punje za Mendel. Njegere hizo zina jeni yenye hitilafu, hivyo zinakosa kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza wanga. Sukari hubaki nyingi ndani ya punje na kuvuta maji, na punje inapokauka hukunjamana. Kumbe padre yule alikuwa akihesabu hitilafu ya kurithi katika namna kiumbe kinavyotumia chakula chake, na hitilafu za aina hiyo zipo kwa binadamu pia. Tuutazame mfano mmoja.

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, ni mafuta ambayo mwili unayahitaji ili kujenga seli na kutengeneza baadhi ya homoni. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa kwenye ini. Nyingine hutoka kwenye chakula. Husafiri katika damu ikiwa imebebwa ndani ya chembe ndogo. Seli, hasa za ini, zina vipokezi juu ya ngozi yake, vinavyofanya kazi kama milango ya kuzipokea chembe hizo na kuziondoa katika damu. Milango ikiwa michache, kolesteroli hubaki inazunguka, na mwaka hadi mwaka hujijenga kwenye kuta za mishipa ya moyo hadi njia ya damu inakuwa nyembamba.

Mwaka 1938 daktari Carl Müller wa Norway alieleza habari za familia 17 ambamo watu wengi walikuwa na kolesteroli nyingi, vinundu vya mafuta kwenye ngozi na kano, na maumivu ya moyo. Aliona kwamba hali hiyo hupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Mwaka 1964 utafiti uliofanyika Lebanon, katika familia ambamo ndugu walioana, ulionyesha wazi makundi mawili: waliorithi jeni mbovu kutoka kwa mzazi mmoja na waliorithi kutoka kwa wote wawili. Kisha Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliosukumwa na hali ya watoto wagonjwa waliowaona wakiwa madaktari vijana, wakagundua mjini Dallas katika miaka ya 1970 kwamba wagonjwa hao wanakosa ile milango ya seli. Mwaka 1985 walipewa Tuzo ya Nobel.

Hapa hesabu ya Mendel inarudi kwa namna inayogusa nyumba za watu. Mzazi mmoja akiwa na jeni moja mbovu, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Anayeirithi huwa na milango nusu, na kolesteroli yake mbaya huwa karibu mara mbili ya kawaida tangu kuzaliwa. Haumwi popote. Anakua, anasoma, anaoa, na bila matibabu mshtuko wa moyo unaweza kumkuta akiwa na miaka 40 au 50. Hali hii si adimu: inakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya kila 250 hadi 300 duniani.

Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mtoto ana robo ya uwezekano wa kuwa salama kabisa, nusu ya kurithi jeni moja mbovu, na robo ya kurithi zote mbili. Mtoto aliyerithi zote mbili ni nadra sana, lakini mateso yake ni makubwa. Kolesteroli yake huweza kufika mara nne ya kawaida au zaidi. Vinundu vya manjano hutokea kwenye viwiko, magoti na nyuma ya visigino akiwa bado mdogo, na bila matibabu moyo unaweza kusimama kabla hajatimiza miaka 20. Tofauti na njegere za mviringo, jeni nzima haiifuniki mbovu kabisa: moja mbovu huumiza, mbili huumiza zaidi.

Tusisahau upande wa pili. Si kila mwenye kolesteroli nyingi ana ugonjwa huu. Kwa watu wengi kiwango cha mafuta katika damu hutokana na jeni nyingi ndogondogo zinazofanya kazi pamoja na chakula, uzito na mazoezi. Chakula bora humfaa kila mtoto, hata huyu aliyerithi jeni mbovu, ila kwake peke yake hakitoshi.

Habari njema ni kwamba dawa ipo. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mjapani Akira Endo alipata katika ukungu dutu inayozuia ini kutengeneza kolesteroli. Kutokana na njia hiyo zikatoka dawa ziitwazo statini, ambazo leo huanza kutolewa kwa watoto waliorithi hali hii wakiwa na miaka 8 hadi 10 hivi, na mapema zaidi kwa aliyerithi jeni zote mbili. Ini likikosa kolesteroli ya kwake, huongeza milango ya kuichukua iliyo katika damu. Ndiyo maana watoto waliorithi jeni zote mbili, ambao milango yao haifanyi kazi vizuri, hunufaika kidogo tu na dawa hiyo, na huhitaji njia nyingine, kama mashine ya kuchuja damu. Slovenia, ambayo wakati wa Mendel ilikuwa chini ya dola ileile ya Austria, imekuwa ikiwapima kolesteroli watoto wa miaka mitano tangu miaka ya 1990, ili wapatikane kabla mishipa haijaharibika.

Tunajifunza nini?

Kwanza, urithi si laana. Katika jumuiya zetu baba akifa ghafla, kisha mwanawe akafa ghafla katika umri uleule, maneno huanza: ukoo umelaaniwa, kuna mkono wa mtu, babu alitenda jambo. Wengine huzunguka kutoka kwa mganga hadi kwa mhubiri wakitafuta kukata mnyororo huo, na mjane hutazamwa kwa jicho baya. Mitume nao walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yule aliyezaliwa kipofu au wazazi wake, na Bwana alikataa yote mawili. Mendel, bila kukusudia, anatusaidia kulieleza jibu hilo kwa njia ya kibinadamu. Mzazi hachagui jeni gani ampe mwanawe. Hakuna kosa lililotendwa na hakuna adhabu inayolipwa.

Pili, bahati ya mtoto mmoja haimwongozi mwingine. Sarafu hairushwi mara moja kwa familia nzima. Mtoto wa kwanza akizaliwa salama haina maana kwamba wa pili yuko salama, na wa kwanza akirithi haina maana kwamba wote watarithi. Kwa hiyo akipatikana mgonjwa mmoja, wazazi na ndugu zake wote wapimwe. Kipimo ni cha damu. Tunapokuwa msibani na kusikia kwamba marehemu alikufa kwa moyo kabla ya miaka 55 akiwa mwanaume, au kabla ya 65 akiwa mwanamke, tunaweza kuwashauri wafiwa kwa upole, wakati wake ukifika, wawapeleke watoto hospitalini. Sala na kipimo havigombani. Padre anayemwombea mgonjwa na kumwelekeza kwa daktari hajapunguza imani yake hata kidogo.

Tatu, kuna neno kwa wale wanaojiona wameshindwa. Mendel alifeli mtihani, na kazi yake haikueleweka maisha yake yote. Alishindwa pia kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa, akapelekwa kufundisha na kupanda njegere. Leo hakuna kitanda cha mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi ambacho kazi yake haijafika. Theresia aliyetoa mali yake hakujua kwamba anasomesha mtu huyo; alijua tu kwamba kaka yake anataka kusoma na hana ada.

Tuwakumbuke katika sala watoto wanaobeba magonjwa waliyoyarithi, wazazi wao wanaojilaumu bila kosa, na wote wanaotafuta ukweli kwa subira katika maabara na mashambani. Na ndugu Gregor, aliyemtumikia Mungu kwa kuhesabu punje moja baada ya nyingine, apumzike kwa amani. Amina.